Kompyuta ya Ofisini: Usiondoe Kufuli, Rahisisha Ufunguo

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Mwanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo, mama mwenye umri wa kunizaa, aliifungua taratibu juu ya meza yangu, akailainisha kwa kiganja, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, pale ambapo mfumo wetu huchapa jina la mtumishi aliyetoa taarifa pamoja na muda. Jina lilikuwa langu, na muda ulikuwa saa nne na dakika kumi na nne asubuhi ya siku iliyotangulia. Juu ya mstari huo ilionekana akiba yake yote, mkopo aliouchukua na marejesho ya miezi sita, mambo ambayo hakuwa amemweleza mumewe. Na karatasi yenyewe alikuwa ameikuta kwenye mfuko wa koti la mumewe huyo. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mimi na wewe tumekoseana nini?"

Saa nne na dakika kumi na nne ya siku ile nilikuwa ghorofa ya chini nikitoa kopi za fomu za mikopo. Kompyuta yangu ilikuwa wazi kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeiagiza isijifunge kamwe. Mpaka leo sijui ni nani aliyeketi kwenye kiti changu akachapa taarifa ile, na pengine mtu huyo alidhani anamsaidia ndugu. Lakini mfumo hauoni sura ya anayebonyeza, unaona akaunti iliyo wazi, na akaunti ilikuwa yangu. Niliandika barua ya kujieleza, nikamwomba mama yule radhi ana kwa ana, naye akahamisha akiba yake. Naandika haya kwa sababu ninaona watumishi wengi wakifanya nilichokifanya, na si kwa uzembe bali kwa uchovu.

Uchovu huo ninaufahamu. Nenosiri letu lilipaswa kuwa na herufi 14, zikiwemo kubwa, ndogo, tarakimu na alama, na nilikuwa nikiliandika mara nyingi kwa siku huku mwanachama amesimama mbele yangu akiangalia vidole vyangu. Umeme ulipokatika na kurudi, niliandika tena tangu mwanzo. Siku moja nilimwomba fundi anipunguzie adha, naye akaondoa tiki mahali fulani na kuchagua neno "Never" mahali pengine. Tangu siku hiyo kompyuta ikawa inawaka moja kwa moja mpaka kwenye kazi zangu, bila kuuliza lolote. Nilimshukuru sana. Kosa letu sote wawili lilikuwa kuchanganya mambo mawili: kilichonichosha ni urefu wa ufunguo, nasi tukaondoa mlango.

Kompyuta nyingi za ofisi zetu zinatumia Windows na zimewekwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nitayataja maneno ya kwenye skrini kama yanavyosomeka. Fungua "Settings", ingia "Accounts", kisha "Sign-in options". Hapo utakuta swali linalouliza kwamba ukiwa umeondoka, Windows ikutake uingie tena wakati gani. Ukikuta jibu ni "Never", libadilishe leo hii. Hatua hizi hazitofautiani sana kati ya Windows 10 na Windows 11, ingawa ofisi ambazo bado zina Windows 10 zikumbuke kwamba Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa hapa pana jambo ambalo lilinipotosha kwa wiki nzima baada ya tukio lile, na ninaomba ulisome kwa utulivu. Nilichagua kompyuta iniombe nenosiri kila inapoamka kutoka usingizini, nikaamini kwamba nimemaliza. Siku chache baadaye nilirudi kutoka chakula cha mchana nikakuta daftari la mikopo liko wazi kwenye skrini vilevile nilivyoliacha. Sababu ni kwamba mpangilio ule unahusu kuamka tu, na kompyuta yangu ya mezani haikuwa inalala kabisa, kwa kuwa mtu fulani zamani aliizuia kulala kwenye mipangilio ya umeme ili ripoti ndefu zisikatike. Kompyuta isiyolala haina wakati wa kuamka, na kwa hiyo haina wakati wa kukuuliza wewe ni nani. Dawa yake niliipata sehemu nyingine kabisa: "Personalization", kisha "Lock screen", kisha "Screen saver". Katika kisanduku kinachofunguka kuna nafasi ya kuandika idadi ya dakika, na pembeni yake kuna tiki iliyoandikwa "On resume, display logon screen". Tiki hiyo ndiyo inayofunga. Dakika bila tiki ni pambo la skrini tu, kwani mtu yeyote akigusa kipanya anaingia. Si lazima uchague picha zinazorukaruka. Ipo skrini nyeusi tupu, nayo inatosha.

Dakika ngapi? Kwa hofu niliyokuwa nayo nilianza na dakika moja, na haikufaa. Mwanachama alikuwa akinieleza habari za mdhamini wake, mimi nikimsikiliza kwa heshima inayostahili, na skrini ikajifunga kabla hajamaliza sentensi. Nikajikuta ninatikisa kipanya kila mara kama anayefukuza nzi, na wenzangu walioniiga wakarudi kwenye "Never" ndani ya siku mbili. Kanuni kali kuliko kazi yenyewe huwafundisha watu njia ya kuikwepa. Kwa dawati linalohudumia watu, nimeridhika na dakika tano, mradi ninapoinuka ninafunga mwenyewe kwa mkono: kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L, vyote kwa pamoja, na skrini inafunga papo hapo. Nilijizoeza kwa kuunganisha tendo hilo na lingine ambalo sikulisahau kamwe, yaani kuchukua funguo za droo ya fedha. Funguo mkononi, vidole kwenye kibodi, ndipo ninasimama. Dakika tano ni akiba ya siku nitakayosahau.

Tukirudi kwenye ufunguo wenyewe, unafuu mkubwa upo kwenye PIN na alama ya kidole, na zote zinawekwa kwenye ukurasa uleule wa "Sign-in options". Wengi huniuliza inawezekanaje tarakimu sita ziwe salama kuliko nenosiri la herufi 14. Jibu ni kwamba nenosiri la ofisi mara nyingi ndilo linalofungua barua pepe na mifumo mingine, hata kwa mtu aliye kwenye kompyuta ya mbali, kwa hiyo aliyelichungulia begani mwako anaondoka nalo na anaweza kulitumia mahali pengine. PIN ya Windows inafanya kazi kwenye kompyuta ileile iliyowekwa, na haisafirishwi kwenda kokote. Kwenye mashine zenye chipu ya usalama iitwayo TPM, ambayo Windows 11 inaidai kama sharti, mtu akikosea mara nyingi huzuiwa kuendelea kubahatisha. Windows inakubali PIN ya tarakimu nne, lakini mimi ninashauri sita au zaidi, na ninakusihi isiwe mwaka wako wa kuzaliwa wala ile unayotumia kutuma pesa kwa simu, kwa sababu hiyo ya simu wenzako wamekwisha kukuona ukiibonyeza kwa mama lishe.

Alama ya kidole inahitaji PIN iwekwe kwanza, nayo inategemea kama kompyuta ina kisomaji, jambo ambalo ni la kawaida zaidi kwenye kompyuta mpakato za kazini. Andikisha kidole zaidi ya kimoja, angalau kimoja kwa kila mkono. Sisi tunaoshughulika na fomu za mikopo tunashinda na wino wa muhuri na wa dole gumba, na kidole chenye wino au jasho hukataliwa mara kwa mara. Mimi ninatumia kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho hakigusi wino siku nzima.

Huenda ukakuta chaguo hizi zimefifia na hazibonyezeki, na juu yake pana maneno yanayosema kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako. Hilo ni jambo la kawaida kwa kompyuta iliyounganishwa na mtandao wa ofisi, ambako msimamizi ameweka muda wa kujifunga kwa kompyuta zote, na ambako PIN huwa imezuiwa mpaka airuhusu. Usimtafute fundi wa mtaani akufungulie kwa mlango wa nyuma. Nenda kwa afisa TEHAMA, mweleze hali halisi ya dawati lako: watu wangapi unawahudumia, nenosiri unaliandika mara ngapi, umeme unakatika namna gani. Nilipofanya hivyo nilitegemea kukataliwa, lakini aliruhusu PIN kwa madawati yote ya mbele na akatuombea UPS, kifaa kinachoiwezesha kompyuta kuendelea kuwaka kwa muda umeme unapokatika. Alisema hakuna aliyewahi kumweleza kwamba tatizo ni kubwa kiasi hicho.

Nilimwomba pia airudishe ile tiki ambayo fundi wetu aliiondoa, ili umeme ukirudi kompyuta isimame kwenye skrini ya kuingia badala ya kupita. Na kwa siku ambazo mwenzangu anashika dawati langu, tulikubaliana aingie kwa akaunti yake mwenyewe. Hapo awali tulikuwa tukiachiana nenosiri kwenye kikaratasi chini ya kibodi, kwa nia njema kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde zisifikiwe na asiyehusika. Akiba ya mama yule ni taarifa ya namna hiyo, na akaunti inayotumiwa na watu watatu haiwezi kueleza nani aliifikia.

Kipo kitu kimoja kilichosalia ambacho nilikigundua kwa bahati. Skrini iliyofungwa nayo huzungumza. Barua pepe ikiingia, kichwa chake kinaweza kujitokeza pale juu hata kama kompyuta imefungwa, na kwetu vichwa vya barua vilikuwa na majina ya wanachama pamoja na maneno kama "mkopo umechelewa". Nenda "Settings", "System", "Notifications", uondoe ruhusa ya taarifa kuonekana kwenye skrini iliyofungwa.

Ukishabadilisha yote, yapime. Fungua taarifa yoyote isiyo ya siri, inuka, kaa kwenye kiti cha mwanachama upande wa pili wa meza, na uangalie saa. Hesabu dakika ulizoweka mpaka skrini ijifunge, subiri barua pepe moja iingie, kisha soma kwa sauti kila neno unaloliona kutoka hapo ulipoketi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, skrini ilijifunga vizuri, na bado niliweza kusoma jina la mtu.