Wao wataondoka, kaka yako atabaki

SWALI: Kaka yangu anajua Kiswahili, Kilendu, Kifaransa na Kiingereza. Ameahidiwa kazi ya ukalimani katika kikosi cha wageni, awe anatoka nao doria. Mama amefurahi kwa sababu ya mshahara. Mimi silali. Wanasema hatabeba bunduki, hivyo hawezi kuwa na adui. Ni kweli?
Dada mtu, Bunia (mkoa wa Ituri, Kongo)

JIBU: Dada yangu, si kweli. Niliifanya kazi hiyo hapo Ituri. Ofisa akiuliza kijijini nani amewaficha wenye silaha, swali ni lake lakini sauti inayosikika ni ya mkalimani. Muhula wa ofisa ukiisha anarudi kwao. Mkalimani, wanakijiji wanajua ukoo wake, duka la mama yake, na shule wanayosoma watoto wake. Niliwahi kuona mzee akikataa kujibu lolote mpaka aambiwe mimi ni mtoto wa nani. Ituri, lugha uliyokulia inakuweka upande fulani hata kama hukuuchagua.

Kule Iraq wakalimani wengi wa jeshi la Marekani walikuwa wakifunika nyuso. Mwaka 2008 jeshi hilo likawakataza kufanya hivyo Baghdad, likidai hali ya usalama ni nzuri. Uamuzi huo unaniuma hadi leo, maana walioutoa hawakuwa na wazazi wala watoto wanaoishi mtaa wa pili.

Afghanistan ndiko kwenye somo lenu hasa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 iliwafungulia viza maalumu za kuhamia Marekani Waafghanistan waliofanya kazi na Wamarekani, lakini mwombaji alitakiwa kuleta barua ya msimamizi wake. Wengi waliajiriwa kupitia makandarasi. Kampuni nyingine zilikuwa zimeshafungwa, na wasimamizi wameshahama, hawapatikani. Taliban walipoingia Kabul tarehe 15 Agosti 2021, maelfu ya maombi yalikuwa hayajaamuliwa. Mwezi uliofuata, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ikawatumia Waafghanistan waliokuwa wakiomba kuhamishwa, wakiwemo wakalimani, barua pepe ambayo kila mmoja aliona anwani za wenzake zaidi ya 200. Baadhi yao walikuwa mafichoni.

Kwa hiyo kaka aombe barua ya utumishi yenye sahihi kila msimamizi anapobadilishwa, asingoje mwisho wa kazi. Nakala akae nazo ndugu aliye mbali na Bunia. Yeye mwenyewe asisafiri nazo kamwe, kwa sababu kwenye kizuizi cha barabarani karatasi hiyo hiyo inaweza kumwua. Aombe asipangwe mtaa wa nyumbani, apewe fulana ya kuzuia risasi kama askari, na asikubali kutumwa peke yake kupeleleza. Mkataba umtaje mwajiri wake ni nani hasa: kikosi au wakala. Na wakikataa kuandika nani atawalipa ninyi akijeruhiwa au kuuawa, asisaini, hata mama akilia.