Mkopo wa banda la punda
Mkuu unayeuliza kama benki watakupa hela ya banda la punda wako wa mikokoteni hapo Ipuli, Tabora, wao hawaangalii banda bana, wanaangalia hati na mzunguko wa hela, kiwanja kikiwa hakina hati utazungushwa mpaka uchoke. Kama mna kikundi cha vijana kimesajiliwa muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya manispaa (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) haina riba. Af usikope jengo zima, anza na nguzo na bati, ukuta piga upande mvua inakotokea tu, ila sakafu usibane hela, iwe na mteremko mkojo utoke, punda akishinda kwenye majimaji kwato zinaoza, kazi hafanyi na rejesho la mwezi liko palepale.