Barua kwa mwanangu: jina letu na ile nyumba mpya ya Wabaski

Konso mwanangu,

Hujambo mama, habari za huko Bilbao. Sisi huku Bukoba wazima, isipokuwa mama yako goti linamsumbua na mvua imegoma. Meseji yako ya juzi nimeisoma nikacheka peke yangu hadi mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini, kwamba kuna dada mnafanya naye kazi anaitwa Etxeberria, ulipomwambia wewe ni Xavery akasema aa basi mimi na wewe jina letu ni moja, ukaona anakutania, ndo ukaniuliza "baba ni kweli? na hilo jina lina maana gani mbona huku kila kona lipo". Ni kweli mwanangu, hajakutania. Mimi hilo nalijua tangu kijana, nilifundishwa kwa chaki.

Parokiani kwetu alikuja padri mmoja, sisi tunamwita Mhispania na yeye kila siku anakataa, anasema mimi Mbaski, yaani kabila la huko uliko, kaskazini mwa Hispania hadi Ufaransa, wana lugha yao, Hispania ni paspoti tu. Siku hiyo tunapanga magunia ya kahawa stoo, akaniuliza wewe baba yako anaitwa nani, nikamjibu Xavery, basi akatua gunia chini, akaenda darasa la katekisimu akarudi na kipande cha chaki na kuandika nyuma ya mlango ETXE. Akasema hii nyumba, isome eche, tx yetu ni ch yenu. Akaongeza BERRI, hii mpya. Halafu akapachika A moja mwishoni, hii akasema ni kama "ile" yenu. Sasa hebu angalia mwenyewe, Mwingereza anaanza na mpya ndo ije nyumba, Mbaski anasema nyumba, halafu mpya, halafu ile. Nyumba mpya ile. Neno kwa neno kama sisi! Na lugha yao haina undugu na Kihispania wala Kifaransa wala lugha yoyote inayojulikana, wataalamu wameitafutia ukoo mpaka leo patupu, lakini kwenye hilo la nyumba mpya tumekutana. Yale maandishi yalikaa pale mlangoni miaka, mpaka mlango ulipopigwa rangi.

Sasa Xavier inaingiaje. Kuna ngome iko Navarra, mkoa wa kaskazini mwa Hispania uliokuwa ufalme zamani, Wahispania wanaiita Javier, na jina lake la asili ni hiyohiyo Etxeberri, wasiojua Kibaski wakaitamka tamka hadi ile E ya mbele ikadondoka, tx ikageuka x ya kusomwa sh, b ikawa v, ukapata Xavier, ambayo kwetu ni Ksaveri au Xavery. Pale ndo alipozaliwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule mmisionari, tarehe 7 Aprili 1506. Na hapa ndo napapenda, maana baba yake hakuitwa Xavier hata kidogo, aliitwa Juan de Jasso, mama yake María de Azpilcueta, na ngome ilitoka upande wa mama. Kwa hiyo mtakatifu wetu jina alilipata kwenye nyumba, tena nyumba ya kina mama yake. Mwaka 1516 kuta na minara yake ikabomolewa kwa amri ya watawala wa Hispania kwa sababu familia ilisimama na mfalme wa Navarra aliyeshindwa, jina likabaki limesimama.

Yeye mwenyewe alipita huku kwetu pwani unajua? Aliondoka Lisbon 1541, akakaa miezi kisiwani Msumbiji akisubiri pepo, mwanzoni mwa 1542 meli ikatia nanga Malindi, wakamzika pale mwenzao mmoja aliyefia melini, wakaendelea hadi Goa. Alikufa 1552 kwenye kisiwa mlangoni mwa China, akatangazwa mtakatifu 1622. Ndo maana kila walipofika mapadri jina lilifika, na babu yako alipobatizwa akiwa mtu mzima ikaangukia tarehe 3 Disemba ambayo ni sikukuu yake, hakuulizwa unataka jina gani, ameandikwa Fransisko Ksaveri basi. Mimi nilipoanza shule mwalimu akachukua jina la baba akalifanya la mwisho, na wewe ukalirithi, mpaka leo linatembea Bilbao. Kwa hiyo mtu shambani Bukoba akawa anaitwa Nyumba Mpya kwa Kibaski na yeye anakaa nyumba ya nyasi iliyoezekwa na babu yake, alikufa hajui.

Umeuliza kwa nini hapo ni wengi hivyo. Si kwamba kulikuwa na babu mmoja Etxeberria akazaa sana, hapana. Kwa Wabaski wa zamani nyumba ndo ilikuwa na jina na watu wanaingia ndani yake wanalichukua. Kila nyumba ya shamba, wao wanaiita baserri, ina jina lake, mara nyingi linasema ilipo au ilivyo, iliyoko juu ni Goikoetxea, iliyoko bondeni ni Ibarra, Mendizabal ni ya mlima mpana. Hata yule Bolívar mpigania uhuru wa Amerika Kusini ukoo wake umetoka kijiji cha Bolibar hapo hapo mkoa wa Bizkaia ulipo wewe, maana yake bonde la kinu. Sasa fikiria kila kijiji lazima siku moja mtu atajenga nyumba mpya, na majirani wataiita nini? Nyumba mpya! Imekaa miaka 400 imechakaa bado inaitwa mpya. Ndo maana maetxeberria wamejaa na wengi hawana undugu wowote, kila mmoja na nyumba mpya yake. Halafu zamani baserri aliirithi mtoto mmoja tu isigawanywe, wengine walienda upadri, ubaharia, au Amerika, ndo utawakuta Argentina, Chile, Uruguay, Mexico. Mexico walikuwa nae rais kabisa, Luis Echeverría, 1970 hadi 1976.

Na kwenye mpira, wewe hupendi lakini mwambie mumeo, kulikuwa na winga wa Athletic, timu ya hapo mjini kwenu, Joseba Etxeberria, alifika 1995 akiwa kijana mdogo na msimu wake wa mwisho, ule ulioisha 2010, alicheza bure bila mshahara. Tafuta mchezaji wa leo akufanyie hivyo.

Kuhusu herufi, usishangae ukimkuta mwingine anaandika Etxebarria, huko Bizkaia mpya wanasema barri. Upande wa Ufaransa wanaandika Etcheverry. Echeverría ni ya makarani wa Kihispania, na Chavarría nayo ni hiyohiyo imekatwa kichwa kama yetu. Enzi za Franco, yule dikteta wa Hispania, hata jina la ubatizo la Kibaski lilikuwa haliandikwi kwenye rejista, alipokufa 1975 ndo watu wengi wakaanza kurudisha tx yao. Mimi hiyo hadithi naielewa vizuri sana kwa sababu cheti chako cha kuzaliwa kimeandikwa Saveri, cha darasa la saba Xaveri, paspoti Xavery, na yule karani kwenye ofisi moja, alipokuandika Saveri nikamwambia inaanza na eksi, akanitazama juu ya miwani akasema mzee, hakuna Mswahili anayeanza na eksi. Sikumjibu. Ningemwambia nini, kwamba ni nyumba ya Mbaski?

Basi huyo dada muulize nyumba yao ya asili iko kijiji gani na kama bado imesimama, wengi wao wanajua, na hata leo huko vijijini majirani wanamtaja mtu kwa jina la nyumba kuliko la kwenye kitambulisho. Ukienda nae angalia juu ya mlango, nyumba zingine zina jiwe limechongwa jina na mwaka, nipigie picha kwa karibu nisome. Na kile kiapo cha majina nilichokutumia usikiweke kwenye begi la safari kama mara ile, kitoe kopi mbili.

Mama yako anasema vitenge umepata au bado?

Baba yako