Usingoje mwaka wa mwisho ili umtafute profesa

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia hapa Bukavu anaweza kushiriki katika utafiti kabla ya kufikia kazi ya mwisho wa masomo. Anaweza, nami nakusihi uanze sasa. Usimwendee profesa mikono mitupu: soma kwanza angalau makala moja aliyoiandika, kisha umpelekee barua fupi inayotaja jambo lililokuvutia ndani yake na kazi unayoweza kuifanya kila juma bila kuathiri masomo yako, hata ikiwa ni kuosha vyombo vya maabara au kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Mara nyingi ni vyema kuanzia kwa asistanti, yaani msaidizi wa profesa, kwa kuwa ndiye anayeshinda maabarani. Tena usisahau Lwiro, kule Kabare, ambako kituo cha utafiti wa sayansi asilia kilichoanzishwa mwaka 1947 kina maktaba na mikusanyo ya viumbe. Jambo moja nalisisitiza sana: kubalianeni mapema, kwa maandishi, kama jina lako litatajwa katika kazi itakayochapishwa.