Maswali ya Wasomaji: Uliipokeaje Nyumba, na Unairudishaje?

Miongoni mwa barua zilizotufikia, nyingi zinahusu ugomvi unaozuka siku ya kuhama, pale mwenye nyumba na mpangaji wanaposimama mbele ya ukuta mmoja na kila mmoja akaukumbuka kwa namna yake. Nimechagua barua 4 na kuzijibu kwa kirefu kadiri jambo lenyewe linavyodai.

SWALI: Mshauri, salamu nyingi. Niliishi katika nyumba ya kupanga kwa miaka 3, na nilipohama mwenye nyumba alizuia sehemu kubwa ya amana yangu akidai kwamba niliunguza meza ya jikoni iliyojengewa ukutani. Alama ile ya duara, yenye ukubwa wa kitako cha sufuria, niliikuta siku niliyoingia, na niliipiga picha. Lakini niliipiga kwa karibu mno hata haionekani ni jiko la nyumba gani, na kwa kuwa nimebadilisha simu mara 2, tarehe inayosomeka sasa ni ya siku nilipohamishia picha kwenye simu mpya. Juma lijalo naingia nyumba nyingine. Nifanye nini yasinikute tena? *Mpangaji aliyepoteza amana*

JIBU: Dada yangu, pole sana. Ushahidi ulikuwa nao. Kilichokuponza ni kwamba uliujua peke yako hadi siku ya mgogoro. Picha iliyolala ndani ya simu ya mpangaji kwa miaka 3 ni kumbukumbu yake binafsi, lakini picha hiyohiyo ikiambatishwa kwenye hati inayoeleza hali ya nyumba, iliyotiwa saini na pande zote mbili siku ya kukabidhiana funguo, inakuwa makubaliano. Lengo lako juma lijalo liwe hilo: mwenye nyumba aone unachokiona, siku hiyohiyo unayokiona.

Nenda mchana, kabla hujaingiza hata kiti kimoja, kwa sababu nyumba tupu haifichi kitu. Anzia mlangoni, zunguka kila chumba kwa mwelekeo mmoja, kisha inua macho kwenye dari na uyashushe sakafuni. Kila kasoro ipigwe picha 3: ya kwanza kutoka mbali, ionyeshe chumba kizima, ya pili ionyeshe ukuta, mlango au kabati lenye kasoro, ya tatu kwa karibu, rula ikiwa imewekwa kando. Kwa alama yako ya sufuria, picha ya kwanza ingechukuliwa mlangoni mwa jiko, ya pili ingeonyesha meza pamoja na sinki lililo jirani yake, na ya tatu ingepima upana wa duara lenyewe. Yeyote ambaye angezitazama kwa mfuatano huo asingeuliza ni jiko la nani.

Kwa mikwaruzo na mibonyeo, zima mwanga wa kamera. Mwanga unaotoka mbele hufuta vivuli, na bila kivuli mbonyeo hauonekani. Shika tochi ubavuni, karibu kugusa ukuta, umulike kwa mshazari, nawe utashangaa ukuta uliodhani ni laini unavyojitokeza na mabonde yake.

Yapo mambo ambayo kamera haiyaoni, na hayo ndiyo yanayogharimu zaidi. Fungua bomba la sinki, acha maji yatiririke dakika kadhaa, kisha inama chini yake na upitishe karatasi kavu ya tishu kwenye viungio. Tone dogo ambalo jicho limelikosa, karatasi italionyesha. Vuta maji chooni na usikilize kama yanakata baada ya tangi kujaa. Jaribu kila soketi kwa chaja ya simu, funga na kufungua kila dirisha, zungusha kila ufunguo katika kitasa chake, na ufungue kila kabati unuse, kwa maana harufu ya unyevu hutangulia madoa yake. Yote hayo yaandikwe, hata pale ambapo hukukuta tatizo. Mita za maji na umeme zipigwe picha ambayo namba ya mita na kiasi kilichosomeka vinaonekana pamoja. Funguo zihesabiwe kwa aina: ngapi za mlango mkuu, ngapi za geti, ngapi za vyumba.

Sasa tuje kwenye maneno, ambako naona watu wengi wanajiumiza. Maneno kama “nzuri”, “safi” na “inaridhisha” hayasemi lolote, kwa kuwa uzuri wa mwenye nyumba si lazima uwe uzuri wako. Ukiandika “ukuta wa sebule: mzuri”, umejifunga. Andika hivi: “Ukuta wa sebule unaotazamana na dirisha: rangi nyeupe, matundu 3 ya misumari kwenye kimo cha mabega, doa la rangi ya chai lenye upana wa sentimita 20 chini ya dari, kavu lilipoguswa.” Hayo maneno ya mwisho yana uzito mkubwa. Doa likikutwa limelowa miezi 6 baadaye, hati itaonyesha kwamba mwanzoni lilikuwa kavu, na pande zote mbili zitajua kwamba kuna maji yaliyoanza kupita baadaye, badala ya kulumbana kama doa lilikuwapo.

Kuhusu tarehe, faili ya picha hubeba ndani yake siku na saa ya kupigwa, lakini taarifa hizo zinaweza kubadilishwa, na programu nyingi za kutumiana ujumbe huziondoa na kupunguza ubora wa picha inapopita humo. Tuma faili halisi kwa barua pepe siku hiyohiyo, kwa mwenye nyumba na kwa anwani yako mwenyewe, ili siku ya kutumwa ibaki pande zote mbili. Hati yenyewe ichapishwe nakala 2, kila ukurasa utiwe saini, na muombe kuweka ndani yake kifungu kinachokuruhusu kuongeza kasoro utakazozigundua katika siku 7 za mwanzo, maana paa linalovuja halijulikani mpaka mvua inyeshe.

SWALI: Mshauri, mimi ni mwenye nyumba, na naandika kwa kuwa naona wapangaji ndio wanaotetewa kila mara. Mpangaji wangu ameondoka baada ya miaka 4. Rangi imepauka, kuna alama pale picha zake zilipotundikwa, zulia limechakaa mlangoni, mlango wa chumba cha kulala una tundu la ukubwa wa ngumi, na jiko la kuokea limejaa mafuta. Hati ya mwanzo ninayo, tena yenye saini yake. Je, si haki yangu kumtoza rangi ya nyumba nzima, zulia jipya na mlango mpya? *Mzee mwenye nyumba*

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Kwanza nikupongeze kwa kuwa na hati, kwani wenzako wengi huja kwetu wakiwa na hasira pekee. Lakini hati hiyo haikupi yote unayoyataka, na ni vyema uyasikie hapa kabla ya kuyasikia mbele ya msuluhishi.

Kuna jambo linaloitwa uchakavu wa kawaida, yaani kuzeeka kwa vitu kutokana na kutumiwa vile vilivyokusudiwa. Jua hupausha rangi hata ndani ya nyumba isiyokaliwa, na zulia la mlangoni hukanyagwa kwa sababu watu hupita mlangoni. Kodi uliyopokea kwa miaka 4 ilikuwa malipo ya matumizi hayo, kwa hiyo huwezi kuyadai mara ya pili. Matundu machache ya misumari ya picha kwa kawaida huhesabiwa upande huohuo, isipokuwa mkataba ulikataza kugonga misumari.

Tundu la ngumi ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hakuna matumizi ya kawaida ya mlango yanayoishia hivyo. Hata hapo, unachostahili ni gharama ya kuurudisha ulivyokuwa: ikiwa fundi anaweza kuuziba na kuupaka rangi ukasimama sawasawa, dai gharama ya fundi, si ya mlango mpya.

Vitu vinavyoisha umri navyo vina hesabu yake. Tuseme zulia la aina yako hukadiriwa kudumu miaka 8, nalo lilikuwa jipya mpangaji alipoingia. Kama angeliunguza baada ya miaka 4, angekuwa ameharibu nusu ya uhai wake iliyobaki, na dai la haki lingekuwa nusu ya thamani. Kama zulia hilohilo lilikuwa na miaka 5 siku alipoingia, leo lina miaka 9, na hakuna kilichobaki cha kulipia. Hii ndiyo sababu nawasihi wenye nyumba waandike umri wa vitu katika hati ya mwanzo: rangi ilipakwa mwezi gani, zulia liliwekwa mwaka gani, risiti zikiwa zimeambatishwa. Hati inayosema zulia halina doa, bila kusema lina umri gani, imeandika nusu tu ya habari.

Jiko la kuokea unaweza kulidai bila wasiwasi, mradi picha za mwanzo zinaonyesha ulilikabidhi likiwa safi. Usafi hauzeeki. Aliyepokea jiko safi hulirudisha safi, awe amekaa miezi 4 au miaka 4.

SWALI: Mshauri, mama mwenye nyumba ninayotaka kuingia ni mtu mzima wa rika la mama yangu. Nilipomtajia habari ya hati alisema, “Mwanangu, sisi tunaaminiana, maandishi ya nini?” Naogopa nikisisitiza ataona namdharau. *Kijana mwenye haya*

JIBU: Mdogo wangu, mheshimu, na uandike. Mwambie hivi kwa sauti ya upole: “Mama, naomba niandike nilivyoikuta nyumba yako, ili siku nikiondoka nikurudishie kama ulivyonipa.” Maneno hayo ni ya kweli na yanamlinda yeye kama yanavyokulinda wewe. Akikataa kuhudhuria, nenda na shahidi asiye ndugu yako, jazeni hati, shahidi atie saini, kisha mpelekee mama nakala na ujumbe mfupi wa kumwomba asahihishe lolote lisilo sawa ndani ya siku kadhaa mtakazozitaja. Kunyamaza kwake hakutakuwa sawa na saini, lakini itajulikana kwamba alipewa nafasi ya kupinga wakati mambo yakiwa bado mapya.

SWALI: Mshauri, nimekaa miezi 8 bila hati yoyote, na mwezi ujao nahama. Je, nimechelewa? *Mwenye wasiwasi*

JIBU: Umechelewa kuandika mwanzo, ila hujachelewa kujitetea. Athari ya kukosa hati hutegemea sheria ya mahali ulipo, na tofauti si ndogo. Nchini Ufaransa, kifungu cha 1731 cha Kanuni ya Madai humchukulia mpangaji kuwa alipokea nyumba ikiwa katika hali nzuri endapo hati haikuandikwa, mpaka yeye athibitishe vinginevyo, ingawa mwenye nyumba aliyezuia hati isiandikwe hawezi kujinufaisha na dhana hiyo. Katika England na Wales, ambako tangu Aprili 2007 amana nyingi za upangaji hulazimika kuwekwa chini ya mipango maalumu ya ulinzi, wasuluhishi wa mipango hiyo huzihesabu kuwa fedha za mpangaji, na mwenye nyumba anayetaka kukata ndiye hutakiwa kuthibitisha. Uliza kwenu mzigo wa kuthibitisha uko kwa nani kabla hujaanza kubishana.

Wakati huohuo kusanya kilichopo. Tafuta picha za tangazo la nyumba, jumbe ulizotuma ukilalamikia bomba au kitasa, risiti za fundi, hata picha za familia ambazo ukuta unaonekana nyuma ya watu. Kisha piga picha za nyumba ilivyo leo na uziandike kwa tarehe ya leo. Tafadhali usithubutu kurudisha tarehe nyuma. Ukigunduliwa, hata ukweli wako mwingine hautaaminika.

Siku ya kuhama, toa vitu vyote, safisha, halafu piga picha ukiwa umesimama palepale ulipopigia zile za leo, ili kila picha iwe na jozi yake. Soma mita. Pitia vyumba pamoja na mwenye nyumba, na kila mnalotofautiana liandikwe kwa maneno ya pande zote mbili, bila kulazimisha kukubaliana. Ukiombwa kutia saini karatasi usiyokubaliana nayo, andika pingamizi lako juu ya saini, na upige picha ya ukurasa huo. Funguo zitoke mkononi mwako mwisho kabisa, zikiwa zimehesabiwa, na upewe karatasi inayosema zimepokelewa ngapi, siku gani na saa ngapi.