Mshipa kubana siku ya 7 baada ya damu kuvuja kichwani

Umeuliza kama bibi aliyevuja damu kichwani, kisha siku ya 7 akapinda mdomo, mshipa wake umepasuka tena. Hapana, sio lazima. Ile damu iliyomwagika juu ya ubongo ikikaa siku 3 hivi chembe nyekundu zinaanza kuoza, himoglobini (ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) inatoka inainyonya naitriki oksaidi ambayo ndo inaulegeza mshipa, basi mshipa unajibana na ubongo unakosa damu, ndo maana huyo bibi aliyekuwa anaongea vizuri tu siku ya 7 kapinda mdomo. Mie nauguza huku Mtwara, siku ya 4 mpaka ya 14, ndo mshipa hubana, hatutoki pale kitandani kwa mgonjwa. Dawa ni nimodipini, siku 21. Ila himoglobini sio sababu pekee, na kupasuka tena kupo, CT skani (picha ya ndani ya kichwa) irudiwe.