Mtoto kutiwa vijibomba masikioni: ya kutarajia

Dada yangu, umeuliza mwanao wa miaka 4 atapitia nini akitiwa vijibomba masikioni, na kama ataweza tena kuoga baharini. Wangu alifanyiwa, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona pamoja na tuliyoambiwa na daktari.

Utapewa saa ya kusitisha chakula. Ishike barabara, hata akililia mahamri, kwa kuwa mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi na tumbo lililojaa ni hatari. Upasuaji wenyewe huchukua takriban dakika 10 hadi 15: daktari hutoboa tundu dogo kwenye ngoma ya sikio, hufyonza majimaji yaliyokwama nyuma yake, kisha hupachika kijibomba, kidogo kuliko punje ya mchele, ili hewa ipite. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Akizinduka huenda akalia kwa ghadhabu, na mara nyingi huko ni kulewa dawa zaidi ya maumivu. Wangu, ndani ya tuktuk, aliziba masikio kwa viganja akilalamika kuwa honi zina kelele, nami nikacheka huku machozi yakinitoka, maana sasa alikuwa akisikia vizuri.

Majimaji kidogo, hata yenye damu, kwa siku chache si ajabu. Yakiendelea, yakinuka au akishikwa na homa, mrudishe. Usimtie mafuta ya nazi wala ya habasoda, hata bibi yake akisisitiza. Tumia matone aliyoandikiwa tu. Kuhusu bahari, subiri ruhusa ya daktari, na kupiga mbizi kuahirishwe mpaka vijibomba vitoke. Kwa kawaida hudondoka vyenyewe baada ya miezi 6 hadi 18.